Anza mwisho wa bomba: mwongozo kamili wa kuzuia upotevu wa joto na kupunguza hewa ukaa kwenye kiwanda cha kemikali Dar es Salaam

Kuna hoja utaisikia karibu kila kiwanda kati ya Chang'ombe na Kiwalani: "Dar joto lote hili, bomba litapoaje?" Inapendeza kuisikia, lakini hesabu inaikataa. Mvuke wa bar 7 kwenye geji una nyuzi 170 za Selsiasi. Hewa ya Dar ni nyuzi 30, hivyo tofauti ni 140. Kiwanda cha aina hiyohiyo kikiwa Ulaya, hewa ikiwa nyuzi 10, tofauti ni 160. Bomba lililo uchi Vingunguti linapoteza joto pungufu kidogo tu kuliko lile la Ulaya, na juu yake sisi tuna upepo wa bahari wenye chumvi, na masika inayolowesha lagingi (vazi la kuzuia joto linalofunika bomba) hadi inageuka kuwa sponji.

Mwongozo huu unawahusu wenye viwanda vya ukubwa wa kati: sabuni na dawa za usafi, rangi na rezini, gundi, kemikali za kutibu maji. Ni viwanda vyenye boila moja au mbili na pengine hita ya mafuta ya kupasha (mafuta yanayozungushwa kubeba joto, hayachomwi). Nimemwandikia mhandisi wa matengenezo na opereta wa boila, ila meneja anayesaini malipo naye asome, maana ndiye huharibu mpangilio.

Namna gani anauharibu? Anaanza na boila mpya. Wengine huanza na sola juu ya bati. Hivyo ni kuanza kinyume. Mpangilio unaolipa huanza pale joto linapotumika, yaani kwenye matangi, mitungi ya kupikia na vikaushio, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua: trapu (vali zinazotoa maji na kuzuia mvuke), kondenseti (maji yanayobaki mvuke ukishatoa joto lake), mabomba, na boila mwishoni. Ukinunua boila ya tani 4 za mvuke kwa saa leo, kisha mwakani ukaziba mivujo na mahitaji yakashuka hadi tani 2, umebaki na boila kubwa inayowaka na kuzima siku nzima. Na kila inapotaka kuwaka tena, feni inapuliza kwanza hewa baridi ndani ya tanuru ili kutoa gesi iliyobaki, na hewa hiyo inatoka na joto ulilokwisha kulilipia.

Kwa nini tuanze na joto na si umeme? Gridi ya taifa inabeba maji na gesi, na tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere yenye jumla ya megawati 2,115 ilipoanza kuingia mwaka 2024, sehemu ya maji imekua sana. Boila yako haijabadilika. Kila gigajuli ya mafuta unayochoma inatoa hewa ukaa ileile iliyotoa miaka kumi iliyopita.

Hatua ya kwanza: pata hesabu ya mwanzo

Usiguse spana kabla hujajua unachoma kiasi gani. Chukua bili au kumbukumbu za mafuta za miezi 12, zigeuze kuwa gigajuli, kisha zidishe kwa viwango hivi vya kawaida vya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, vinavyopimwa kwa kilo za hewa ukaa kwa kila gigajuli:

- gesi asilia: 56.1
- dizeli: 74.1
- mafuta mazito: 77.4
- makaa ya mawe ya bituminasi: 94.6

Gesi ina mtego wake. Viwango hivyo vinatumia thamani halisi ya joto, ile isiyohesabu joto la mvuke unaopotelea kwenye moshi. Mikataba mingi ya gesi hutumia thamani ghafi, ambayo kwa gesi asilia ni kubwa kwa takriban asilimia 10. Ukichanganya hizo mbili, unajipa hewa ukaa usiyoitoa, au boila yako itaonekana mbovu kuliko ilivyo. Soma mkataba wako. Kama mita inasoma mita za ujazo, mita moja ya ujazo ya gesi ina takriban megajuli 34 hadi 35 za thamani halisi, na inatoa karibu kilo 1.9 za hewa ukaa.

Tuchukue kiwanda cha mfano: boila ya tani 4, wastani wa matumizi tani 2.5 kwa saa, saa 6,000 kwa mwaka. Hiyo ni tani 15,000 za mvuke. Kwa maji ya kulisha ya nyuzi 60 na ufanisi wa asilimia 80, tani moja ya mvuke inahitaji karibu gigajuli 3.15 za mafuta. Kwa gesi, jumla inakaribia tani 2,650 za hewa ukaa kwa mwaka. Andika namba ya kwenu ukutani mwa chumba cha boila, kila mtu aione.

Kisha fanya jaribio la Jumapili. Uzalishaji umesimama, hakuna mtumiaji hata mmoja, lakini boila inashikilia presha kama mlivyozoea na opereta yupo. Soma mita saa 2 asubuhi, soma tena saa 8 mchana. Gesi yote iliyoungua katikati haikutengeneza sabuni wala rangi. Ni joto lililotoka kwenye ngozi ya boila, mabomba, vali zisizofunga na trapu zilizokufa. Sijui kipimo kingine cha bei rahisi kinachoshawishi uongozi haraka kama hiki. Na kama jibu la kwanza ni "basi tuzime boila Jumapili", hilo nalo ni jibu zuri, mradi mshauriane na mtengenezaji kuhusu kupoa na kupasha polepole.

Hatua ya pili: punguza kinachodaiwa

Ingia ukumbi wa uzalishaji na uulize kila kifaa swali moja: unahitaji nyuzi ngapi kweli, na kwa muda gani?

Majibu mara nyingi ni ya kurithi. Tangi la kuoshea linapashwa hadi nyuzi 95 kwa sababu fundi wa zamani aliliweka hapo. Jaribuni 80 kwa kundi moja la bidhaa, mpime usafi maabara. Tangi la mafuta ya mawese linashikiliwa moto usiku kucha ingawa litatumika saa 4 asubuhi. Birika la sabuni liko wazi juu, na kimiminika cha moto kisichofunikwa hupoteza joto jingi sana kwa kuvukiza. Mfuniko wa bati wenye bawaba unaweza kulipa kabla ya kifaa chochote utakachonunua mwaka huo.

Wenye kikaushio cha unga wa sabuni wana shimo kubwa kuliko wote. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji megajuli 2.26 hata kama hakuna kinachopotea, na kikaushio halisi kinahitaji zaidi ya hapo. Uji unaoingia ukiwa na asilimia 40 ya maji, kila kilo ya kavu imebeba gramu 667 za maji. Ukiweza kuufikisha asilimia 35, zinabaki gramu 538. Umepunguza kazi ya kukausha kwa karibu moja ya tano bila kugusa bana (kichomeo) wala feni. Uji mzito unasumbua pampu na nozeli, kwa hiyo shuka asilimia moja moja, mtu wa maabara akiwa kando yako.

Wapika rezini nao wana lao. Alkidi, aina ya rezini, hupikwa kwenye nyuzi 220 hadi 250, halafu lazima ipozwe kabla ya kuongezewa kiyeyusho. Joto lote hilo kwa kawaida huenda kwenye mnara wa kupozea na kupeperuka kuelekea Pugu. Lipitishe kwenye kibadilisha joto, lipashe maji mapya ya boila au maji ya kuoshea matangi hadi nyuzi 60. Weka tangi la akiba katikati, kwa kuwa kundi linapopoa si lazima boila iwe inahitaji maji muda huohuo. Jambo moja halina mjadala: mfumo wa kupozea mmenyuko unaozalisha joto, kama ule wa kutengeneza emalshani za rangi, usiupunguzie uwezo wake hata kidogo kwa jina la kuokoa nishati. Kibadilisha joto chako kikiziba, upozeshaji wa dharura uendelee wenyewe.

Hapohapo tafuta mabomba yasiyoenda popote. Mashine iliondolewa, bomba lake la mvuke likabaki na vali iliyofungwa mwishoni. Likate karibu na bomba kuu na uzibe kwa flenji pofu, yaani isiyo na tundu.

Hatua ya tatu: trapu za mvuke

Kazi ya trapu ni kuachia maji na kuzuia mvuke. Ikifia wazi, mvuke unapita moja kwa moja. Ikifia imefunga, maji yanajaa kwenye koili, kupika kunachelewa, na siku moja bomba linapigwa na nyundo ya maji, yaani maji yanayosukumwa na mvuke kwa kasi.

Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kiwanda kilichokaa miaka 3 hadi 5 bila kukagua trapu kinaweza kuwa na asilimia 15 hadi 30 zilizoharibika. Tundu la milimita 3 kwenye bar 7 hupitisha takriban kilo 20 hadi 30 za mvuke kwa saa. Chukua hiyo ndogo, izidishe kwa saa 6,000: tani 120 za mvuke kwa mwaka, sawa na tani 21 za hewa ukaa kwa gesi. Hiyo ni trapu moja.

Kuzikagua kunahitaji masikio kuliko fedha. Kipimajoto pekee kitakudanganya, maana maji yanayotoka kwenye koili yana karibu joto lilelile la mvuke. Trapu nzima na iliyofia wazi zinasomeka sawa. Joto linakuonyesha tu iliyofia imefunga, kwa kuwa hiyo ni ya baridi. Kwa zilizofia wazi tumia kifaa cha sauti za juu, au bisibisi ndefu yenye mpini mgumu, ncha kwenye trapu na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Trapu ya diski inagonga, inatulia, inagonga. Ikigonga mfululizo bila kupumua, diski imelika. Ya ndoo iliyopinduliwa husikika kwa vipindi. Ya boya huachia maji mfululizo, hivyo usiilaumu kwa kutotulia, sikiliza mluzi.

Kama trapu inamwaga nje, angalia mdomo wa bomba. Wingu jeupe linaloelea kivivu ni maji ya moto yanayojigeuza mvuke yakikutana na presha ya chini, ni kawaida. Pengo la uwazi lisiloonekana kitu karibu na mdomo, kisha ukungu unaotoka kwa kasi, ni mvuke hai. Usikaribishe mkono hapo.

Zipe trapu zote namba, uzibandike vibao vya bati, uandike aina, ukubwa na tarehe. Kila koili iwe na trapu yake. Kuunganisha koili tatu kwenye trapu moja ili kuokoa hela ni kosa linalojirudia mno, kwa sababu koili yenye presha kubwa huzuia maji ya zile nyingine kutoka. Na mwulize opereta wa zamu ya usiku. Yeye anajua: "Injinia, hiyo baipasi tunaifungua kila siku, bila hivyo haipiki." Baipasi, yaani njia ya kuzunguka trapu, ikiachwa wazi ni trapu mbovu iliyofichwa.

Hatua ya nne: rudisha kondenseti

Kondenseti ni maji yaliyosafishwa, yamepashwa na yamelipiwa. Kuyamwaga mtaroni ni hasara ambayo Dar inaumiza mara mbili, na sababu ni visima.

Viwanda vingi hapa huchanganya maji ya DAWASA na ya kisima, na visima vya ukanda wa pwani vina chumvi. Tuseme maji yako yana miligramu 900 za chumvi kwa lita, na boila inavumilia 3,000. Ukilisha kwa maji mapya matupu, kanuni ya kawaida (chumvi ya maji ya kulisha, igawe kwa tofauti kati ya kikomo cha boila na chumvi hiyo) inakupa 900 gawanya kwa 2,100: ili chumvi isirundikane, unalazimika kumwaga maji ya boila ya nyuzi 170 sawa na asilimia 43 ya mvuke unaozalisha. Asilimia 70 ya maji ya kulisha ikiwa kondenseti, chumvi inashuka hadi miligramu 270, na umwagaji hadi asilimia 10. Ndiyo maana naweka kondenseti mbele ya lagingi kwa yeyote anayetumia kisima bila mtambo wa kuchuja chumvi.

Halafu kuna joto lenyewe. Kila nyuzi 6 unazoongeza kwenye maji ya kulisha huokoa karibu asilimia 1 ya mafuta. Kutoka 30 hadi 90 ni asilimia 9 au 10. Na maji ya nyuzi 90 hubeba oksijeni kidogo sana kuliko ya nyuzi 30, kwa hiyo kemikali ya kuondoa oksijeni itapungua, na kutu ndani ya boila vilevile.

Kwenye kiwanda cha kemikali pana sababu halali ya kuogopa. Koili ikitoboka, magadi au mafuta yanaingia kwenye kondenseti, yanafika kwenye boila, maji yanatoa povu. Kwa hofu hiyo viwanda humwaga zote, safi na chafu. Dawa yake ni kupima: kipima upitishaji umeme kwenye bomba la kurudi, pamoja na vali ya njia tatu inayoelekeza maji mtaroni pale kipimo kinapopanda na kuyarudisha kinaposhuka. Magadi kipimo hicho huyakamata vizuri. Mafuta hayapitishi umeme, kwa hiyo mistari ya matangi ya mafuta iwekee kipima ukungu wa maji, au tangi la ukaguzi lenye kioo.

Pampu za umeme za kawaida hazipendi maji yanayokaribia kuchemka. Yanajigeuza mvuke kwenye mdomo wa kuvuta na pampu inaanza kunguruma kama imekula kokoto. Inua tangi juu ya pampu, au tumia pampu inayosukumwa na mvuke wenyewe. Na mvuke unaozaliwa maji ya bar 7 yanaposhuka hadi presha ya hewa, takriban asilimia 13 ya uzito wake, usiuache utoke juu ya paa. Upeleke kupasha tangi la maji ya kulisha. Tangi hilo nalo livishwe na lifunikwe.

Hatua ya tano: kuvalisha mabomba

Hapa ndipo fedha zinapotumika vizuri au vibaya kabisa, kwa hiyo tukae kidogo.

Bomba la inchi 4 lenye mvuke wa nyuzi 170, likiwa uchi ndani ya jengo, hupoteza takriban wati 900 kwa kila mita. Ukilivisha milimita 50 za pamba ya mawe, ile mafundi wanaita rokwuli, zinabaki kama wati 60. Kuacha mita 10 uchi badala ya kuzivisha, kwa saa 6,000, ni hasara ya ziada ya karibu gigajuli 180 za joto. Ukihesabu ufanisi wa boila, ni gigajuli 227 za mafuta: tani 13 za hewa ukaa kwa gesi, au 17 na nusu kwa mafuta mazito. Vali moja ya flenji iliyoachwa wazi hupoteza kama mita nzima ya bomba lake, au zaidi. Hesabu vali za chumba chako cha boila peke yake.

Vali huachwa uchi kwa sababu fundi anahitaji kuifikia. Zishonewe magodoro ya kufunga na kufungua: kitambaa cha nyuzi za kioo nje na ndani, pamba katikati, kamba au ndoano za kufungia. Fundi mzuri wa turubai hapa mjini anaweza kushona ukimpa kipimo, uzi unaostahimili moto na kitambaa sahihi.

Unene: kwa mabomba ya mvuke hadi inchi 4, milimita 50 zinatosha kwa kawaida, yaliyo makubwa zaidi au yenye mafuta ya nyuzi 250, nenda 75 au zaidi. Milimita 25 za kwanza ndizo zinazofanya kazi kubwa, kwa hiyo ukiwa na bajeti finyu, valisha mabomba yote kwa unene wa wastani kabla ya kuvalisha machache kwa unene wa kifahari. Ukimaliza, ngozi ya nje isizidi nyuzi 50 hadi 55.

Bunduki ya kupimia joto kwa mbali inadanganya juu ya bati linalong'aa. Itasoma ubaridi usiokuwepo. Bandika kipande cha selotepu nyeusi ya umeme, subiri dakika chache, pima juu yake.

Sasa mambo ya pwani. Maji yakiingia ndani ya lagingi, pamba inapoteza kazi na chuma kinaliwa kimyakimya. Chuma cha kawaida kimo hatarini zaidi kati ya nyuzi 50 na 175 hivi, hasa bomba linalopashwa na kupoa kila kundi, ambalo ndilo bomba la kiwanda cha kemikali. Kabla ya kuvalisha, piga brashi na rangi ya kuzuia kutu inayostahimili joto hilo. Chuma cha pua kina ugonjwa wake: chumvi ya bahari na unyevu kwenye nyuzi zaidi ya 60 hukipasua, kwa hiyo dai pamba yenye kloridi kidogo na ulinde uso wa bomba. Mapindo ya bati yatazame chini, pembeni mwa bomba, mvua iteleze. Kila mahali bati linapotobolewa na kishikilio au geji, ziba kwa silikoni ya joto.

Bati gani? Alumini ni nyepesi na hupendwa, lakini magadi huila, na mabati yenye zinki nayo hayapendi magadi. Sehemu za kiwanda cha sabuni zinazorukiwa na magadi zitumie bati la chuma cha pua. Kwingine alumini inafaa.

Vitu vya kutovalisha ni hivi. Trapu za diski na zile zinazotegemea joto zinahitaji kupoa ili zifanye kazi. Sehemu ya springi ya vali ya usalama, pamoja na bomba lake la kutolea, viachwe huru. Beringi za pampu pia. Na flenji za mafuta ya kupasha zinastahili aya yake.

Mafuta ya kupasha yakivuja kidogo kidogo ndani ya pamba ya mawe, yanatandaa kwenye nyuzi nyingi nyembamba, yanakutana na oksijeni, yanajipasha, na yanaweza kushika moto bila cheche, kwenye joto lililo chini sana ya lile lililoandikwa kwenye karatasi ya usalama. Mafuta ya kitani ya kiwanda cha rangi yana tabia hiyohiyo. Kwa hiyo flenji na vali za mafuta hayo ziachwe zikionekana, na kinga ya matone. Shina la vali lilazwe upande ili tone lisidondokee lagingi. Na pale panapoweza kuvuja lakini lazima pavishwe, tumia glasi ya povu isiyofyonza. Lagingi iliyolowa mafuta itolewe mfumo ukiwa umepoa, na haraka.

Na kama jengo lako ni la miaka ya 1960 au 1970 na lagingi ni nyeupe, ngumu kama chokaa, simamisha kazi. Inaweza kuwa asbestosi. Isivunjwe wala kufagiliwa hadi ipimwe, na wasiliana na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kabla ya kuigusa.

Hatua ya sita: sasa boila

Baada ya yote hayo, mahitaji yameshuka na boila inaweza kurekebishwa kwa mzigo wake wa kweli.

Pima moshi. Kwa gesi lenga oksijeni ya asilimia 3 hivi, ambayo ni takriban asilimia 15 ya hewa ya ziada. Mafuta mazito yanahitaji kidogo zaidi. Kaboni monoksidi ikianza kupanda, umebana hewa mno. Kazi hii ifanywe na fundi wa bana mwenye kipima moshi, asikisie kwa rangi ya mwali. Joto la moshi nalo liandikwe kila zamu: likipanda nyuzi 20 juu ya lilivyokuwa baada ya usafi kwa mzigo uleule, umepoteza karibu asilimia 1 ya mafuta, na sababu ni masizi upande wa moto au magaga (ukoko wa madini) upande wa maji. Kwa maji ya kisima, shuku magaga kwanza.

Kipasha maji cha kwenye bomba la moshi kinafaa sana kwa wenye gesi. Gesi ya Songo Songo karibu yote ni methani na salfa haina la kusema humo, kwa hiyo moshi unaweza kushushwa hadi nyuzi 120 bila shida; kutoka 220 ni akiba ya karibu asilimia 5. Kwa mafuta mazito usishuke chini ya 150 au 160, ama asidi ya salfa itakula mabomba na chimni.

Boila iko chini ya ukaguzi wa OSHA. Badiliko lolote la presha, vali ya usalama au kifaa cha kudhibiti lipitie kwao na kwa mtengenezaji.

Hatua ya saba: umeme na hewa ya kompresa

Kwa ufupi. Tundu la milimita 3 kwenye mfumo wa hewa wa bar 7 hula karibu kilowati 4 mchana na usiku; tembea saa ya chakula, mashine zikiwa kimya, usikilize. Kila bar unayoshusha huokoa takriban asilimia 7 ya umeme wa kompresa. Pampu na feni zinazobanwa kwa vali zifungwe kidhibiti mwendo: mwendo wa asilimia 80 unatumia takriban nusu ya umeme, ilimradi si pampu inayopambana zaidi na urefu wa kupandisha maji. Bili ya TANESCO ya mteja mkubwa ina tozo ya kilele cha kVA, yaani umeme mwingi zaidi uliovutwa kwa mpigo, kwa hiyo msiwashe kila kitu kwa pamoja saa 1 asubuhi.

Hatua ya nane: uchome nini

Swali hili linakuja sasa, kwa kuwa sasa ndipo unajua unahitaji kiasi gani. Kutoka mafuta mazito kwenda gesi kunapunguza hewa ukaa kwa asilimia 27 na ushee kwa joto lilelile. Gesi imefika Ubungo kwa bomba tangu mwaka 2004, na baadaye bomba la Mtwara likaongezeka. Walio mbali na mtandao waulize TPDC, shirika la mafuta la taifa, kuhusu ile iliyoshindiliwa inayosafirishwa kwa lori. Kagua mivujo ya gesi kwa bidii, kwani kilo moja ya methani inayotoroka ina nguvu ya takriban kilo 28 za hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100.

Jua la Dar linaweza kupasha maji mapya hadi nyuzi 60 kwa paneli za kawaida za maji moto, lakini kama joto la kupozea rezini tayari linafanya kazi hiyo, paneli hizo hazina mteja. Kuuza kaboni? Kanuni zipo tangu 2022 na kituo cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro, ila kwa kiwanda cha boila moja gharama za kuhakikiwa zinaweza kumeza mapato. Akiba ya mafuta ndiyo mapato yako.

Hatua ya tisa: grafu moja

Kila wiki weka nukta moja kwenye karatasi: mlalo ni tani za bidhaa, wima ni gigajuli za mafuta. Baada ya wiki kumi na kitu utaona mstari. Mahali mstari unapokata mhimili wa wima, bidhaa ikiwa sifuri, ndipo ulipo upotevu usiotegemea uzalishaji, na unapaswa kukaribiana na kile ulichopima Jumapili. Kuvalisha mabomba na kubadili trapu kunashusha mkato huo. Kupunguza maji kwenye uji au joto la kuoshea kunalaza mstari wenyewe.

Nukta ikiruka juu ya mstari wiki mbili mfululizo, anza na baipasi, kisha trapu, kisha angalia kama kondenseti imeelekezwa mtaroni na haijarudishwa. Baada ya masika, vua bati sehemu mbili tatu za chini kabisa za bomba kuu na uguse pamba. Kama imelowa, tafuta ilikoingilia maji kabla ya kuagiza nyingine.